Mstari wa Mwisho Kwenye Barua ya Bungoma

Kihispania nilijifunzia mezani. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa karani katika zahanati ya masista wa Kihispania huku Kibomet, Kitale, na kwa vile tulikula pamoja kila mchana, maneno yaliniingia pole pole. Lakini kutafsiri kwa wagonjwa ilikuwa kazi ya sista mkuu. Mimi nilipiga taipu tu.

Siku hiyo sista alikuwa Eldoret. Nilibaki na daktari mgeni, mzee aliyetoka Uhispania wiki hiyo hiyo, asiyejua Kiingereza wala Kiswahili. Akaingia mama kutoka Tongaren, mgongoni amebeba msichana wa miaka kama sita, koo limefura, mwili moto kama jiko. Mama akanipa barua ya kliniki moja ya Bungoma walikoanzia matibabu. Mstari wa mwisho ulisema: "Sensitive to penicillin."

Nikafungua kamusi ya Kiingereza na Kihispania. Maana zilijaa: mtu mwepesi kuumia moyo, ngozi inayowasha haraka, siri isiyofaa kutangazwa. Daktari alikuwa akinitazama. Nikachukua neno la kwanza la Kihispania.

"Sensible," nikamwambia, nikimwonyesha jina la dawa kwenye barua.

Akatabasamu. "Vizuri sana," akasema kwa lugha yake. "Basi wadudu wa ugonjwa wake wanakufa kwa dawa hii." Akachukua chupa ya penisilini, akaanza kuivuta kwa sindano.

Wadudu? Nikaisoma barua tena. Haikutaja wadudu, wala vipimo vya maabara. Je, kama ni mtoto mwenyewe asiyeweza kuivumilia dawa hii? Niliogopa kuonekana mjinga, nami niliogopa zaidi ile sindano. Daktari alikuwa tayari anapangusa paja la mtoto kwa pamba.

"Mama," nikauliza, "huko Bungoma walimdunga sindano?"

"Moja tu. Si alifura uso yote! Akashindwa kupumua, nikajua ameenda. Wakasema hiyo dawa asipewe tena. Kwani haijaandikwa hapo?"

"¡No! ¡Alérgica!" Nilipiga kelele, nikamshika daktari mkono. Mtoto akaanza kulia.

Daktari akaweka sindano mezani taratibu. Uso wake ulikuwa umepauka. Hakunigombeza. Aliniomba nirudie maneno ya mama, yote, kisha akaandika dawa nyingine ya kunywa.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Amebadilisha dawa tu, mama."

Sikumweleza zaidi. Siku ya tatu mama alimrudisha; mtoto alitembea mwenyewe, akaniuliza kama tuna choo. Nilimwonyesha, nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikaketi. Kwa miezi mingi baadaye kila nilipotafsiri neno dogo tu, hata la kuagiza sabuni, niliuliza kwanza linamaanisha nini.