Feni ya Mzee Abdi

Wanasema karne ijayo ni ya kompyuta. Mimi nimeshaiaibisha kabla haijafika.

Mwezi uliopita ofisi moja ya misaada hapa Garissa iliniajiri, mimi mwenye vyeti vitatu vya Nairobi, niwashe programu kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi. Kazi yake ni kuonyesha ratiba ya mgao wa chakula wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kwenye kompyuta zote za ofisi.

Kila nikiiwasha, inaandika: imeshindwa kuwaka. Siku ya kwanza nililaumu vumbi, nikapiga marufuku viatu chumbani. Siku ya pili nililaumu joto, nikaichukulia seva feni ya bosi, Mzee Abdi, feni pekee ofisini. Hawa wa mapokezi alipochungulia aniambie neno, nilimfukuza: mambo ya seva si ya watu wa kupokea simu.

Siku ya tatu wakubwa wakaja kutoka Nairobi kuamua kama mkataba wangu uendelee. Nikasimama mlangoni pekupeku, nikawahubiria jinsi jua la huku linavyoua mitambo. Mzee Abdi alikuwa ameloa jasho.

"Walaal, ndugu yangu," Hawa akaniita, akatugeuzia kompyuta yake. "Ratiba si hii hapa? Naisoma tangu juzi, wallahi."

Mkubwa mmoja akaenda kuinamia seva yangu. "Ujumbe una mistari miwili," akasema. "Wa pili unasema haiwezi kuwashwa kwa sababu imeshawaka."

Vyeti vitatu, na nilisoma mstari mmoja.

 Mzee Abdi aliichomoa feni yake, akaikumbatia, akaondoka nayo.