Anabeba maji ya miti mahali watu wenyewe wana kiu

Saa kumi na mbili asubuhi, Joan Nasipwondi anainama kando ya barabara, kati ya kijiji cha mabanda cha Raila na magorofa ya Nyayo Highrise. Anamwaga maji polepole kwenye shina la mti unaomfika kiunoni, anangoja udongo uyanywe, kisha anaongeza kidogo. Anaponyooka, anashika mgongo kwa mikono yote miwili.

Miti hii ilipandwa na kikundi kimoja cha mazingira wakati wa mvua za masika. Waliopanda walipigwa picha, wakaenda zao. Nasipwondi, mama wa watoto watatu aliyetoka Bungoma, akaajiriwa kuitunza. Kila siku husukuma mkokoteni wa mitungi ya lita ishirini kutoka kwenye kioski cha maji. Usiku, bega la kulia halilaliki.

"Kupanda ni ya siku moja," anasema. "Kumwagilia maji haiishangi."

Kizito kuliko mitungi, anasema, ni macho ya majirani. Januari iliyopita mifereji ilikauka. Watu walirudi nyumbani na mitungi mitupu huku yeye akipita na maji ambayo kikundi kiliyatenga kwenye tangi kwa ajili ya miti. Wengine walimtukana. Aliendelea kusukuma.

Kisha jirani yake, Katunge, akamsimamisha njiani. Mtoto wake alikuwa akiharisha tangu usiku na nyumbani hakukuwa na tone. Hakumtukana. Alimwita Nasipwondi kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama wanavyomwita wote pale.

"Mama Isaac, huu mti unaweza kungoja. Huyu hawezi."

Nasipwondi alimpa mtungi. Waliokuwa wakitazama nao wakaja, na mkokoteni ukabaki mtupu. Alifanya hivyo hadi mifereji ilipofunguliwa tena. Mtoto alipona. Miti ya upande unaoelekea reli ilikauka yote.

Msimamizi wake, Kagiri, alipokuja alivunja vijiti vikavu mkononi, akauliza kulikoni. Nasipwondi alimweleza ukweli. Hakumfuta kazi, ila alimwambia kwamba miti ikifa tena hatamtetea.

"Sikujuta," anasema Nasipwondi. "Lakini nikiing'oa ile mikavu nililia. Nilikuwa nimeibeba na huu mgongo."

Siku hizi Katunge, ambaye hufua nguo za watu kwenye magorofa hayo, humwekea maji ya kusuuzia. Hayana sabuni nyingi, na miti inayakubali. Hata hivyo, safari ni zile zile na jua ni lile lile. Akizungumza na mwandishi, Nasipwondi ameketi juu ya mtungi, na mara kwa mara anasahau swali aliloulizwa.

Miti ikishika, anapanga kuondoka. Waithira, mama mwenye ploti ya nyumba za kupangisha Kawangware, amekubali kumwachia kipande cha ua chenye mfereji wake, afungue kitalu cha miche.

"Nitaotesha, nitauza," anasema, akinyanyuka kushika mkokoteni. "Kubeba maji, mwenye kununua atajijua."