Tulifungiwa ndani ya nyumba ya fromaji yenye tulizani haina mwenyewe

Salamu wakuu, pamoja na wale wanaosomaka tu bila kuandika. Mimi ni mama mushonaji wa mtaa wa Ndosho. Haya yalinifikia mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Niko na tabia mbaya: nikiona nyumba iliyoachwa, lazima niingie.

Juzi nilipanda pikipiki na binamu yangu Bahati, tukaenda milimani Masisi, kwenye kijiji cha soko alikokulia marehemu baba. Zamani kilijaa maziwa, viazi na maharagi. Vita imefukuza wengi. Majani yameota mpaka mlangoni mwa dispanseri.

Tuliingia dispanseri: vitanda bila magodoro. Tukapita kwenye nyumba ndefu ya mawe, mulimotengenezwa fromaji, jibini ya maziwa ya kwetu.

Wakuu, harufu ingali imo!

Nilikuwa napiga video wakati mlango ulijifunga nyuma yetu. Tukasikia kufuli, kadena: ka!

Sauti ya mama ikatoka nje: "Leo nimewapata, wezi wa manjanja!"

"Mama, hatukuja kuiba mabati ya paa!"

"Wa kwanza nao walisema hivyo. Mubaki humo, naenda kuita watu."

Watu gani? Kule siku hizi "watu" wanaweza kuwa majirani wenye majembe, wanaweza kuwa wenye bunduki. Na sisi hakuna anayetujua.

Madirisha yana vyuma. Rezo ya simu hakuna. Bahati alipiga magoti, akaomba mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa nawaza watoto wangu, nani atawaambia tulipo.

Mwanga wa jua ulihama kutoka rafu moja ya fromaji mpaka ya tatu.

Kisha tukasikia miguu. Ya mutu mumoja.

"Sikupata mutu," yule mama akasema polepole. "Hata wa pale chini wamehama." Akasogelea mlango. "Nyinyi ni watoto wa nani?"

Nikataja jina la baba, nikasema alikuwa analeta maziwa hapa kila asubuhi.

"Yule aliyekuwa anachanganya maji?"

Nikasita, wakuu. Lakini baba mwenyewe alitusimuliaka.

"Ndiyo, mama. Ni huyo."

Akacheka! Kadena ikafunguka.

Alikuwa mama mwembamba, panga mkononi, anaogopa kutushinda. Ndiye alipikaka maziwa humo. Patron, mwenye nyumba ile, alipokimbia alimuachia ufunguo, akasema atarudi. Anafagia kila juma. Kijiji kizima, amebaki karibu peke yake.

"Futa hiyo video," akaniomba. "Wezi wakiona paa ingali nzima, watanijia."

Nikafuta mbele yake. Kwa hiyo musiniombe picha, wala jina la kijiji.

Nilichojifunza: kabla ya kuingia, bisha hodi, hata kama mlango umeoza. Ukimya wa nyumba hausemi haina mwenyewe.

Wenye mulitoka milimani, nyumba zenu nani anaziangalia? Na mumeshamuuliza anaendeleaje?