Viazi Kumi na Viwili

Nilikuwa nafundisha kugawanya, darasa la tatu, hapa Bunia. Nikaandika ubaoni: watoto wanne wana viazi kumi na viwili, kila mmoja atapata vingapi?

Msichana mmoja, ambaye familia yake ilikimbia vita kutoka Djugu, alisimama. "Mwalimu, siye tunakulaka wote mu sahani moja. Kwetu hakuna kugawanya."

Darasa likacheka. Nilidhani ananichezea, nikamwandikia zero kubwa kwenye kaye yake, daftari la hesabu.

Saa sita, nyumbani, watoto wangu wanne walikuwa wamezunguka sahani ya viazi. Kwa ubishi tu, nikahesabu. Mdogo alikula vitano. Mkubwa alikula kimoja, akanawa mikono, akasema ameshiba.

Kesho yake niliomba ile kaye, nikafuta zero. Sikujua niandike nini mahali pake.