Kiti cha Mzazi

Watoto walimwita Bibi Madaftari, wala hakuchukia, maana mkoba wake haukukosa madaftari. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane asiyejaliwa mtoto. Kazi yake ya sasa ilikuwa kuwasemea shuleni watoto wanaolelewa na familia zisizo zao. Kwenye vikao vya shule, kiti cha mzazi alikikalia yeye.

Kwa Kidoti alikikalia miaka miwili. Binti huyo wa miaka kumi alikuwa ameshabadilisha walezi watatu na shule tatu. Sasa alipelekwa kwa mlezi wa nne, mwanamke fundi cherehani wa upande wa pili wa mji, na ofisi ya ustawi wa jamii ikataka ahamie shule ya huko. Eti ni karibu! Utadhani wanahamisha kabati.

Kikaoni Bibi Madaftari hakuzunguka mbuyu. Alitandaza mezani madaftari matatu, moja la kila shule. Yote yaliishia palepale, ukurasa wa kwanza wa kugawanya.

"Mwalimu mkuu, mtoto huyu si mzito wa kuelewa," alisema. "Kila akifika ukurasa huu anafungishwa virago, na huko aendako wanamwanzisha upya. Mwacheni hapa, naye afike ukurasa wa pili."

Mwalimu mkuu alikuna kichwa. "Nimekuelewa, Bibi. Lakini nani atamleta kila siku kutoka kote huko?"

Bibi Madaftari alitamani kujitolea, lakini hakuweza. Magoti yake yalikuwa yakimsumbua hata kwenye ngazi za nyumbani kwake.

"Mimi," akasema fundi cherehani, aliyeketi nyuma pamoja na Kidoti. "Si mabasi mawili tu? Mwanangu nitamleta mwenyewe."

Mwanangu. Neno hilo Bibi Madaftari alikuwa amelimeza miaka miwili, kwa kuwa alijiapiza kutomwita hivyo mtoto wa kuondoka kesho. Alifurahi, tena sana, na papo hapo akaona wivu. Akainuka, akampisha fundi kile kiti.

Mwalimu mkuu akakubali Kidoti abaki, ikaletwa fomu yenye namba ya simu ya kupigiwa mtoto akiugua. Kidoti akashika kifutio, akamtazama Bibi Madaftari.

"Bibi, yako niifute?"

"Ifute, mwanangu. Andika ya mama."

Kwa kuwa Kidoti sasa alikuwa na mama wa kumsemea, faili lake lilifungwa wiki hiyohiyo. Lakini siku za shule, tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, Bibi Madaftari haingii hata bafuni bila simu yake, na mlio ameupandisha hadi mwisho.