Mpiga Pasi Aliyelala Ukumbini

Mwenzangu alikuwa mpiga pasi wa hoteli. Miaka thelathini na mmoja alinyoosha mashuka ya kulaliwa na wengine, akirudi nyumbani hataki kuiona pasi hata kwenye picha. Mashati yangu niliyavaa na makunyanzi yake. Kazini walimwita Mama Mvuke. Mfupi, mtani, hakai bure. Alilala baada yangu na kuamka kabla yangu. Sikuwahi kumwona usingizini.

Fundi sanamu alimwona.

Alifika dobini kwao, pale hotelini, mwenzangu akikaribia kustaafu. Alitafuta watu wa kawaida wa kuwatengenezea sanamu.

"Baba, kuna mtu anataka kunichonga," mwenzangu akaniambia.

"Magogo yamekwisha?"

Akacheka, akaenda. Alienda Jumanne kumi na nne. Alirudi na plasta kwenye kucha, nami nikimuuliza walizungumza nini, jibu lake, "Mambo tu."

Kisha akaugua, akafariki, akaniacha. Sanamu ilikuwa haijavishwa nguo.

Miezi mitatu baadaye yule fundi akabisha hodi kwangu. Akanipa shikamoo, nikaiitikia nusu.

"Naomba gauni lake la kazi, mzee. Nimemvika jipya, watu wanasema uso ni wa mtu, nguo ni ya duka."

"Gauni ninalo."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Basi utarudi mikono mitupu."

Gauni lilining'inia nyuma ya mlango. Lilikuwa bado na harufu yake.

Kesho yake nilikwenda kwenye ukumbi wa maonyesho kuiona hiyo sanamu. Amekaa kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, amelala. Kope zake, mishipa ya mikono yake, alama ya kuungua kwenye kidole gumba. Nywele zilipandwa kwa sindano, moja moja. Watu waliingia na kelele zao, wakimwona wanashusha sauti. Mama mmoja alimvuta mwanawe, "Mwache, amechoka." Bwana mmoja wa makamo alikaa benchi la mbele yake, akamtazama mpaka nikakohoa.

"Unamjua?" nikamuuliza.

"Simjui. Ila kila wiki nakuja. Nikimtazama natulia."

"Huna mke?"

"Ninaye. Huyu hanigombezi."

Ningekuwa kijana tungeshikana mashati. Nikasogea karibu na mwenzangu, mlinzi akaniita.

"Mzee, nyuma ya kamba."

"Huyu ni mke wangu."

"Juzi alikuwa mama wa mtu, jana shangazi wa mtu. Nyuma ya kamba, baba."

Roho iliniuma njia nzima. Wivu hauzeeki. Ikiwa uso ameutengeneza vile, mwili ameuona kiasi gani? Siku nne nilikula na swali hilo, nikalala nalo. Ya tano nikachukua gauni, nikarudi ukumbini.

"Nitamvika mimi," nikamwambia fundi. "Wewe toka."

"Mzee, kuna namna ya kumshika..."

"Nimemshika miaka arobaini na mmoja."

Akatoka. Mlinzi akafunga mlango, naye akabaki nje.

Nikalifungua lile gauni la duka. Mikono ya mtu iliishia juu kidogo ya viwiko. Miguu iliishia magotini. Shingo ilishuka mpaka penye kola, basi. Katikati palikuwa na waya, sponji, na gunia lililopakwa plasta. Nikatafuta kovu la begani, lile la maji ya moto, alilonificha hata mimi mwaka mzima wa kwanza wa ndoa. Halikuwapo. Palikuwa na bolti.

Nikacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu msiba. Nikamvika gauni lake taratibu, nikafunga vifungo vyote.

Fundi akarudi, akamzunguka, akanyoosha mkono kwenye kola.

"Cha juu hakukifunga, mzee. Dobini kuna joto."

"Hapa hakuna joto," nikasema, nikasimama mbele yake mpaka akaondoa mkono.