Meli Isiyoweza Kukamatwa

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya sheria nilipomhakikishia mama mmoja kwamba meli iliyobeba gauni la harusi la binti yake haingeweza kukamatwa na mtu yeyote. Nilisema kwa sauti ya msomi. Na kweli nilikuwa nimesoma, ila si hadi mwisho.

Mama yule ni Mkongo wa upande wa Uvira. Aliletwa Minnesota na watoto wake wadogo wawili baada ya miaka mingi ya kambi ya wakimbizi. Binti yake mkubwa alibaki Kigoma, maana alikuwa ameshatimiza umri wa mtu mzima na faili lake likatengwa na la mama. Sasa binti alikuwa amepata mchumba. Mama akanunua kitambaa cheupe, na kila alipotoka kazini, kiwandani Fridley, alikaa kwenye cherehani hadi saa ya kupika. Mimi nilimfahamu kanisani. Jirani yake wa ng'ambo ya ziwa, alipenda kuniita, ingawa kwetu ni Tanga, pwani.

Mchungaji wetu alikuwa anasafiri kwenda Kigoma mwezi uliofuata, akajitolea kulibeba gauni kwenye sanduku lake. Lakini mama alikuwa pia na shuka, sahani na sufuria za kumpa binti, na alitaka vyote viende pamoja. Jumamosi moja nilimpeleka kwa gari hadi Brooklyn Park, ambako wakala mmoja Mkenya alikuwa anakusanya mizigo ya kontena.

"Mama, usiwe na stress," wakala alimwambia. "Hii meli inabeba pia mail ya posta. Hakuna mtu anaweza kui-touch."

Mama akanigeukia. "Ni kweli, ma fille, binti yangu? Wewe unasoma sheria."

Wiki ile ile nilikuwa naandika insha juu ya sheria za zamani za meli. Nilikuwa nimekutana na kifungu kinachosema kuwa meli za barua zilisamehewa kukamatwa, ili barua za watu zisikwame bandarini kwa sababu ya madeni na kesi za mwenye meli. Kilinifurahisha, nikakiandika pembeni, nikaendelea na mambo mengine.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Meli ya barua haikamatwi."

Akalikunja lile gauni ndani ya shuka mbili na kuliweka kwenye boksi.

Wiki tano baadaye nikiwa maktaba, wakala alitutumia ujumbe sote. Meli ilikuwa imekamatwa kwa amri ya mahakama katika bandari moja kusini mwa Afrika. Aliyeiuzia mafuta alikuwa anadai. Mifuko ya posta ilikuwa imeshushwa ikaendelea na safari kwa meli nyingine. Makontena yetu yalibaki.

Nilifungua tena zile kurasa na kusoma nilichokiruka. Msamaha ule haukuwa wa kila meli yenye barua. Ulihusu kampuni zilizofanya mkataba na serikali, na kampuni ilipaswa kwanza kuweka dhamana mahakamani. Mwenye madai alidai kwenye dhamana hiyo, na meli ikaachwa iende. Bila dhamana hapakuwa na msamaha. Yote yalikuwa kwenye ukurasa uliofuata. Ningegeuza karatasi moja tu.

Sikuweza kukaa. Nilitoka maktaba nikarudi, nikatoka tena. Darasani nilisikia sauti ya mwalimu bila maneno. Mama alipopiga simu sikupokea, nikamwandikia kwamba niko kwenye mtihani, jambo ambalo halikuwa kweli. Siku mbili mfululizo niliendesha kuelekea kwake, nikavuka daraja la mto, nikaipita njia ya kuchepukia kwake na kugeuzia mbele. Nilijiambia barabara ina utelezi. Barabara ilikuwa kavu.

Siku ya tatu niliegesha nje ya fleti yake, nikapanda ngazi kabla sijabadili mawazo. Alifungua akiwa bado na sare ya kazini. Sikungoja anikaribishe kiti.

"Mama, nilikudanganya kuhusu meli. Sikukusudia, lakini nilisema jambo nisilolijua."

Nikamweleza yote: dhamana, mkataba, ukurasa nisioufungua. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya cherehani.

"Mariage iko wiki tatu," akasema. "Bateau itafika?"

"Sidhani kama meli itawahi."

"Na pasteur amekwisha kwenda."

"Ndiyo, mama."

Akakaa. "Yule mtu wa kontena, mimi sikumwamini. Anauza. Wewe ndiye niliamini."

Akaenda jikoni, akaleta chai, akaiweka mbele yangu, naye hakunywa. Ningependelea anifokee.

Nilianza kuandika barua. Nilitafuta mawakili waliokuwa kwenye kesi ile bandarini, nikawaandikia kila asubuhi kabla ya darasa. Mmoja alinijibu kwa upole kwamba meli ile haikuwahi kuwa na dhamana ya aina hiyo, ila bima ya mwenye meli inazungumza na mdai ili itoe barua ya dhamana, yaani ahadi ya kulipa deni. Meli ingeachiwa hapo tu. Kila nilipopata jibu nilimpelekea mama kwa mkono wangu, hata lilipokuwa jibu tupu. Mara nyingine alinifungulia, mara nyingine alipokea karatasi mlangoni.

Harusi ilifungwa siku yake. Binti alivaa kitenge alichoazimwa na shangazi wa bwana harusi. Tuliitazama kwenye simu, sebuleni kwa mama. Mama aliimba pamoja nao, kisha akaenda chumbani na kufunga mlango.

Barua ya dhamana ilitoka siku kumi baadaye, meli ikang'oa nanga. Boksi lilifika Kigoma likiwa na sahani mbili zilizovunjika, gauni likiwa zima. Binti alilivaa Jumapili kanisani, na mchungaji wa kule akawaita yeye na mumewe mbele wabarikiwe mara ya pili. Mama alinipigia nije kuona. Alikuwa ameisogeza simu karibu kabisa na uso.

"Mikono ya gauni ni mirefu," akasema. "Nilipima vibaya."

"Imekaa vizuri, mama."

"Hapana. Angalia vizuri kabla ya kusema."

Nikaangalia. Mikono ilikuwa mirefu kweli, imefika hadi vidoleni, na nikamwambia hivyo.